Shajara ya mradi: kupima usawa wa mwili kwa wagonjwa wa sikio la kati

Swali na mipaka yake
Hali: limefungwa.

Mgonjwa wa sikio la kati akilalamika kwamba anayumba, kuna maelezo mawili yanayoshindana. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa umevuka hadi sikio la ndani na kugusa viungo vya usawa, yaani mifereji mitatu ya nusu duara, utrikulo na sakulo. Ya pili ni kwamba viungo hivyo ni vizima, ila kipimo kimetoa jibu baya kwa sababu sauti au joto lililotumwa halikufika. Kazi ya mradi huu ni kuyatenganisha. Kila kipimo kilichopendekezwa kiliulizwa kwanza: je, kinapita kwenye sikio la kati ili kufika kinakokwenda? Kama kinapita, jibu lake kwa mgonjwa wa aina hii halisomwi kama linavyosomwa kwa mtu mwingine.

Magonjwa yaliyoingizwa ni matatu: majimaji nyuma ya kiwambo kizima cha sikio, usaha sugu wenye tundu kwenye kiwambo, na kolesteatoma, yaani ngozi inayojikusanya na kukua ndani ya sikio la kati. Otosklerosisi, ambapo kikuku, kifupa cha mwisho cha sikio la kati, huganda kwenye dirisha duaradufu la sikio la ndani, imebaki kundi dogo la pembeni. Humo sauti imezuiwa lakini hakuna usaha wala majimaji, hivyo linaonyesha kipimo hufanya nini njia ya sauti inapozibwa peke yake. Si kundi safi kabisa, kwa sababu otosklerosisi yenyewe wakati mwingine hugusa sikio la ndani, lakini hatuna lililo bora zaidi.

Njia ambazo ugonjwa unaweza kuvukia zimeandikwa mapema ili zisije zikabuniwa baada ya kuona matokeo. Mrija wa Eustachi ukiziba, utando wa sikio la kati hunyonya hewa iliyobaki, shinikizo hushuka, na tando za madirisha mawili ya sikio la ndani husogea kutoka mahali pake. Sumu za bakteria na kemikali za uvimbe hupenya utando wa dirisha mviringo, ambao kwa binadamu una unene wa takriban milimita 0.07 tu. Kolesteatoma hula mfupa, na mara nyingi hutoboa mfereji mlalo kwanza, kwa kuwa ndio uliojitokeza zaidi upande wa sikio la kati. Hapo kunakuwa na fistula, yaani tundu la kuingia sikio la ndani. Ipo pia hoja kwamba kutosikia vizuri kunampunguzia mtu alama za sauti zinazomsaidia kujua alipo; tumeiandika, lakini hatutarajii ieleze mengi.

Nani anaingia, nani anabaki nje
Hali: limefungwa.

Kwa usaha sugu tumechukua kigezo cha Shirika la Afya Duniani: sikio linalotoa usaha kupitia tundu kwa angalau wiki 2. Wataalamu wengi wa masikio husubiri wiki 6 hadi 12 kabla ya kutumia jina hilo, kwa hiyo fomu inarekodi muda wenyewe badala ya ndiyo au hapana. Kwa majimaji bila usaha, sharti ni timpanogramu bapa (mchoro wa jinsi kiwambo kinavyocheza shinikizo la hewa likibadilishwa) pamoja na kiwambo kisichocheza kinapopulizwa hewa chini ya otoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya sikio.

Swali linalosahaulika sana ni la dawa za zamani. Matone ya jentamaisini kwenye sikio lenye tundu, au sindano za streptomaisini kwa kifua kikuu, vinaweza kuua seli za usawa. Mgonjwa wa namna hiyo ataonyesha udhaifu halisi wa sikio la ndani, lakini aliyeuleta ni dawa. Hatumtoi, anawekwa alama na kuchambuliwa kando. Anayetolewa ni mwenye jeraha la shingo (kipimo cha kichwa na kile cha msuli wa shingo havimfai), mwenye upofu wa macho yote mawili, na mwenye ugonjwa wa ubongo unaojulikana.

Kila mtu mzima anafanyiwa kwanza jaribio la Dix-Hallpike, ambapo hulazwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande huku macho yakiangaliwa. Kizunguzungu cha chembe za kalsiamu zilizohama kutoka utrikulo ni cha kawaida mno kiasi kwamba baadhi ya wenye masikio ya usaha watakuwa nacho kwa bahati tu. Akipatikana nacho, anatibiwa kwa mzunguko wa Epley, yaani kugeuza kichwa kwa hatua ili chembe zirudi mahali pake, na vipimo vingine vinasogezwa mbele.

Dawa za kutuliza kizunguzungu husimamishwa saa 48 kabla, daktari wake akikubali. Pombe vivyo hivyo.

Kuandaa sikio kabla ya kipimo chochote
Hali: utaratibu umebadilishwa.

Rasimu ya kwanza iliruhusu sikio kusafishwa kwa mashine ya kunyonya kisha mgonjwa aende moja kwa moja kwenye vipimo vya macho. Hilo limefutwa. Hewa inayofyonzwa kwa kasi hukausha na kupoza sikio la kati, mfereji mlalo hupoa, na mgonjwa hupata nistagmasi, yaani macho kucheza yenyewe, ambayo haina uhusiano wowote na ugonjwa. Ni jaribio la joto lililofanyika bila kukusudiwa. Sasa usafi kwa mashine unafanyika siku nyingine, au mgonjwa anapumzika hadi miwani ya kamera ionyeshe gizani kwamba macho yametulia.

Kukausha kwa utambi wa pamba hakuna tatizo hilo. Pamba safi husokotwa iwe na ncha, huingizwa taratibu, huachwa inywe usaha, hutolewa na kubadilishwa hadi itoke kavu. Nyumbani hurudiwa mara 3 kwa siku, kisha matone ya siprofloksasini. Chupa ya matone ishikwe kwenye kiganja kwanza hadi iwe na joto la mwili. Tone la baridi kwenye sikio lenye tundu humzungusha mtu vibaya, na wengi huacha dawa kwa sababu hiyo tu. Maelezo haya yameingizwa kwenye karatasi ya mgonjwa, kwa sababu mtu aliyeacha dawa siku ya pili atahesabiwa kama ambaye matibabu hayakumsaidia.

Timpanometri
Hali: inaendelea vizuri, yapo mambo ya kuangalia.

Mlio wa kupimia ni hezi 226 kwa wote, isipokuwa watoto chini ya miezi 6, ambao hupimwa kwa hezi 1000. Sikio la mtoto mchanga lina kuta laini, na kwa hezi 226 linaweza kutoa kilele kinachoonekana cha kawaida ilhali kuna majimaji. Shinikizo huanza dekapaskali +200 na kushuka hadi −400. Kilele kati ya +50 na −100 ni aina A, chini ya −100 ni aina C, na mstari bapa ni aina B.

Aina B haisomwi bila ujazo wa njia ya sikio kando yake. Kwa mtu mzima tunatarajia takriban mililita 0.6 hadi 1.5. Bapa yenye ujazo wa kawaida ni majimaji. Bapa yenye ujazo mkubwa, kwa mfano mililita 2.5 na kuendelea, ni tundu au grometi (kijibomba kinachowekwa kwenye kiwambo) iliyo wazi, kwa kuwa kifaa kinapima njia ya sikio pamoja na chumba cha sikio la kati. Bapa yenye ujazo mdogo sana ni nta, au ncha ya kifaa imegota ukutani. Kuna mtego wa nne: tundu lipo, lakini chumba kimejaa usaha na utando uliovimba, hivyo ujazo unatoka wa kawaida na msomaji anaandika majimaji. Ndiyo maana picha ya kiwambo huchukuliwa kwanza na namba hufuata.

Kila asubuhi kifaa hukaguliwa kwa vikopo vya mililita 0.5, 2.0 na 5.0. Vituo vilivyo kwenye miinuko hupata namba kubwa kuliko kilichoandikwa kwenye kikopo, kwa sababu hewa yenye shinikizo dogo hubanika kwa urahisi zaidi. Kifaa hakijaharibika, kinahitaji kurekebishwa kwa mwinuko wa mahali kilipo. Bila hilo, mtu wa mlimani ataonekana ana kiwambo kilicholegea.

Kwa kiwambo chenye tundu, kifaa hicho hicho kinatumika kupima mrija wa Eustachi: shinikizo hupandishwa, mgonjwa humeza mate mara kadhaa, na tunaangalia kama linashuka kwa ngazi. Lisiposhuka, mrija haufunguki. Mgonjwa akisema chumba kinazunguka wakati shinikizo linapanda, kazi inasimama papo hapo na anahamishiwa kwenye utaratibu wa fistula ulioelezwa chini.

Odiometri
Hali: inaendelea.

Hiki ni kipimo cha usikivu. Njia ya hewa hupimwa kutoka hezi 250 hadi 8000, njia ya mfupa kutoka 500 hadi 4000. Pengo kati ya hewa na mfupa ndilo namba tunayoihitaji zaidi, maana ndilo litakaloamua kama kipimo cha msuli kwa njia ya hewa kinaweza kuaminiwa.

Vipokea sauti vya kuchomeka ndani ya sikio vina faida kubwa mgonjwa anapoumwa masikio yote mawili, kwa sababu sauti kidogo tu huvuka kwenda upande wa pili na kelele ya kufunika inatosha kwa kiwango cha chini. Lakini kwenye sikio lenye tundu huleta kasoro yao. Sauti nzito hutawanyika kwenye nafasi kubwa kuliko ile ambayo kifaa kimesawazishiwa, na mgonjwa anaonekana kiziwi zaidi kwenye hezi 250 na 500 kuliko alivyo. Usaha nao huziba mrija wa sponji. Kwa masikio yenye tundu tumerudi kwenye vipokea sauti vya kufunika sikio, na fomu inataja kilichotumika.

Njia ya mfupa ikishuka kwenye hezi 2000 peke yake kwa mgonjwa wa otosklerosisi, isiandikwe kuwa neva imeharibika. Ni alama ya Carhart, inayotokana na vifupa kushindwa kutetemeka, na kwa kawaida hupungua au kuondoka baada ya upasuaji wa kikuku.

Jaribio la joto: limeshushwa cheo
Hali: limebaki kwa kundi la majimaji na la kulinganishia tu, matokeo ya kundi la majimaji hayaingii kwenye hitimisho kuu.

Hili lilizua mabishano marefu, kwa sababu jaribio alilolieleza Robert Bárány, mshindi wa Nobel ya mwaka 1914, bado ndilo wengi hulitegemea kwa kila sikio peke yake. Mgonjwa hulala chali kichwa kikiinuliwa nyuzi 30 ili mfereji mlalo usimame wima. Maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 44 za Selsiasi hupitishwa, takriban mililita 250 kwa sekunde 30, na kasi ya nistagmasi hupimwa gizani. Tofauti ya pande mbili huhesabiwa kwa kanuni ya Jongkees: jumla ya kulia toa jumla ya kushoto, gawa kwa jumla ya zote nne, zidisha kwa 100. Ikizidi asilimia 25, upande wenye jibu dogo huitwa dhaifu.

Kanuni hiyo inadhani kwamba joto linafika sawa pande zote mbili. Kwa wagonjwa wetu halifiki sawa. Majimaji na utando uliovimba hubadilisha safari ya joto kuelekea mfupa. Sikio lililofanyiwa upasuaji wa kufungua mastoidi, mfupa wa nyuma ya sikio, ukuta wa njia ya sikio ukaondolewa, hutoa jibu kubwa kupita kiasi kwa kuwa maji sasa yanafika karibu kabisa na mfereji. Hesabu ikifanyika, sikio la pili, lililo zima, ndilo litaitwa dhaifu.

Maji hayaruhusiwi kamwe kwenye tundu. Hewa (nyuzi 24 na 50, lita 8 kwa dakika, sekunde 60) ilionekana suluhisho hadi tulipopitia inavyotenda juu ya utando wenye unyevu. Hewa ya moto na kavu huvukiza unyevu, uvukizaji hupoza, na nistagmasi huelekea upande wa baridi badala ya upande wa joto. Mpimaji asiyejua atadhani ni ugonjwa wa ubongo. Anayejua bado hana namba ya kuweka kwenye kanuni.

Kipimo cha msuli, VEMP
Hali: kazi kubwa iko hapa.

VEMP hupima sakulo na utrikulo kwa kuangalia msuli unavyoitikia sauti kali au mtetemo. Mwitiko wa shingoni ulielezwa na Colebatch, Halmagyi na Skuse mwaka 1994: elektrodi juu ya msuli mkubwa wa pembeni mwa shingo, sauti fupi za mbofyo, na wimbi lenye kilele kwenye milisekunde 13 likifuatiwa na bonde kwenye 23. Sisi tunatumia mlio wa hezi 500, desibeli 95 nHL (kipimo kinachoanzia kwenye usikivu wa watu wenye masikio mazima), milio 5 kwa sekunde, wastani wa milio 100 hadi 200.

Tatizo ni kwamba sauti hiyo lazima ipite kiwambo na vifupa ndipo kikuku kiisukume perilimfu, majimaji ya sikio la ndani. Pengo la hewa na mfupa la desibeli 10 hivi linatosha kupunguza au kufuta kabisa wimbi. Desibeli 10 ni kidogo sana; mgonjwa mwenyewe huenda asilione. Kwa hiyo sentensi ya aina ya “VEMP haikuonekana kwa wagonjwa wa usaha, na ikarudi baada ya kiwambo kuzibwa” haithibitishi kwamba sakulo iliugua wala kwamba ilipona. Huenda kilichorudi ni njia ya sauti. Sentensi hiyo inavutia kuandika, na ndiyo sababu tumeiwekea kizuizi katika mpango wa uchambuzi: VEMP ya njia ya hewa haitajwi popote bila pengo la sikio hilo hilo kwenye mstari huo huo.

Badala yake tunatetemesha mfupa. Uamuzi wa kifaa ulichukua muda. Kitetemeshi cha kawaida cha odiometri, B71, huvurugika kwenye sauti nzito kikisukumwa kwa nguvu, na hezi 500 ndizo tunazozitaka. B81 hustahimili vizuri zaidi kwenye masafa hayo. Kitetemeshi kikubwa kinachoshikwa mkononi juu ya paji la uso hutoa nguvu ya kutosha hata kwa mtu mzima, lakini jibu hutegemea mkono wa anayekishika: akikandamiza zaidi, wimbi hubadilika. Kwa sasa B81 inawekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio kwa ukanda wa kichwani, na mkandamizo wa ukanda unakaguliwa kabla ya kila kikao. Ukanda wa zamani hulegea, na ukanda uliolegea huleta wimbi dogo pande zote mbili.

Mtetemo wa mfupa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Upande unajulikana kwa mahali tunaporekodia: shingoni jibu hutoka upande ule ule wa sikio, chini ya jicho hutoka upande wa pili. Hili la jicho limekwisha kuwachanganya wasomaji wa mawimbi, hivyo faili zinapewa jina kwa sikio na si kwa elektrodi.

Ukubwa wa wimbi la shingo unakwenda sambamba na jinsi msuli ulivyokazwa. Mgonjwa anayechoka upande wa pili atapata wimbi dogo upande huo bila ugonjwa wowote. Skrini inamwonyesha kiwango cha msuli wake naye anakiweka kati ya maikrovolti 50 na 200, kisha wimbi linagawanywa kwa wastani wa ukazaji. Tunaanza kulia kwa nusu ya washiriki na kushoto kwa nusu nyingine. Bila hatua hizo, tofauti ya pande mbili haina maana.

Kuhusu usalama: njia ya sikio ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo sauti ile ile huwa kali zaidi ndani yake. Kwa watoto kikomo ni desibeli 120 peSPL (shinikizo la sauti kwenye kilele chake), na VEMP ya hewa haifanywi ikiwa kikao kingine kama hicho kimefanyika siku hiyo.

Neno moja kuhusu jibu lililo kinyume. Mtu mwenye pengo la hewa na mfupa, timpanogramu ya kawaida, na VEMP ya hewa ambayo ipo, tena inaamka kwa sauti ya chini kuliko kawaida, haingii kundi lolote la sikio la kati mpaka apigwe picha. Huenda mfereji wake wa juu una uwazi wa mfupa, hali aliyoieleza Lloyd Minor na wenzake mwaka 1998. Rifleksi ya kikuku, yaani msuli wake kukaza kwa sauti kali, hubaki kwa watu hawa, ilhali kwenye otosklerosisi hupotea. Picha ya CT iwe ya vipande vyembamba, isizidi milimita 0.6, na isomwe kwenye mkato unaofuata mfereji wenyewe. Vipande vinene hufanya mfupa mwembamba uonekane kama haupo.

Kichwa na macho, vHIT
Hali: ndicho kipimo kikuu cha mifereji.

Kichwa hugeuzwa ghafla, jicho linatakiwa kugeuka kinyume kwa kasi ile ile. Halmagyi na Curthoys walieleza jaribio la kitandani mwaka 1988. Sasa kamera ya miwani inapiga picha takriban 250 kwa sekunde na kuhesabu uwiano wa mwendo wa jicho na wa kichwa. Chini ya 0.8 kwa mifereji milalo, au 0.7 kwa ya wima, pamoja na miruko ya jicho ya kurekebisha, ni udhaifu. Uwiano mdogo bila miruko unatiliwa shaka kwanza kama kasoro ya kipimo.

Hakuna sauti wala joto linalopita sikio la kati hapa. Mwendo wa kichwa unafika mfereji moja kwa moja, usaha uwepo usiwepo. Kwa mradi huu hiyo ni sifa kuliko zote.

Mizunguko 20 inayokubalika kwa kila mfereji, kichwa kisogee nyuzi 10 hadi 20, kasi ifike nyuzi 150 kwa sekunde au zaidi. Mizunguko ya polepole inampa hata mgonjwa uwiano mzuri, kwa kuwa upande mzima unabeba kazi. Alama ya kutazama iwe angalau mita 1 mbali. Ikiwa karibu, jicho hulazimika kuzunguka zaidi ya kichwa na uwiano unapita 1 bila sababu ya ugonjwa. Miwani ikiteleza inaleta vivyo hivyo. Anayezungusha ashike taya au juu ya kichwa bila kugusa ukanda. Mwelekeo usitabirike. Wanja na kope bandia viondolewe, kamera huvidhani ni mboni.

Kuna pengo moja ambalo vHIT haiwezi kulijaza: inapima mwendo wa kasi. Udhaifu unaojitokeza kwenye mwendo wa polepole tu unaweza kuipita. Ndiyo sababu jaribio la joto halikufutwa kabisa kwa wale ambao sikio la kati ni kavu na kiwambo ni kizima.

Kusimama kwenye bamba
Hali: vifaa tayari, sponji inasumbua.

Hali nne, sekunde 30 kila moja: sakafu ngumu macho wazi, ngumu macho yamefumbwa, sponji macho wazi, sponji macho yamefumbwa. Miguu peku, mikono imekunjwa kifuani. Hali ya nne ndiyo inayomwacha mtu na sikio la ndani peke yake, kwa kuwa macho yamefungwa na nyayo zinapewa habari zisizoaminika.

Sponji huzeeka. Ikishabonyezwa na watu wengi hupoteza ugumu, na washiriki wa mwisho wanapimwa kwenye kitu tofauti na cha wa kwanza. Unene wake chini ya uzito uleule unapimwa kila wiki, na vipande vinabadilishwa kwa makundi yote kwa pamoja. Mtoto mwepesi naye haibonyezi vya kutosha. Kwake sponji ya mtu mzima ni karibu sawa na sakafu.

Bamba lina shida yake na watoto. Kitovu cha mkandamizo kinapatikana kwa kugawa momenti kwa nguvu ya wima, kwa hiyo kelele ya vihisi inakuzwa kadiri mtu alivyo mwepesi. Urefu wa njia ya kuyumba ndio unaoathirika zaidi, kwa sababu kila mtikisiko mdogo unajumlishwa. Tumekubaliana vipimo 100 kwa sekunde, chujio la hezi 10, na eneo la duaradufu la asilimia 95 kama namba kuu. Anayelinganisha urefu wa njia kutoka vituo viwili vyenye machujio tofauti analinganisha machujio.

Utaratibu wa fistula
Hali: limefungwa, halibadilishwi bila daktari wa upasuaji.

Mgonjwa wa kolesteatoma huvaa miwani ya kamera gizani. Gegedu lililo mbele ya tundu la sikio hubonyezwa taratibu, au hewa kidogo husukumwa kwa mpira. Macho yakisogea taratibu kuelekea upande wa pili, kisha yakipiga kurudi upande unaobonyezwa, fistula ya mfereji mlalo inashukiwa. Kutosogea hakumaanishi haipo: kolesteatoma yenyewe inaweza kuwa imeziba tundu, au sikio la ndani limeshakufa. Shinikizo halirudiwi ili kuthibitisha, wala timpanometri haifanyiki tena upande huo.

Anayefika na usaha pamoja na kizunguzungu kipya, homa, uso uliopooza upande mmoja au kichwa kinachouma vikali, si mshiriki tena. Anapelekwa kwa matibabu ya dharura. Nistagmasi inayopiga kuelekea sikio gonjwa kwenye labirinthi (sikio la ndani) iliyochochewa, kisha ikageuka kupiga upande mzima, ni dalili kwamba labirinthi inakufa. Kubadilika huko kusisomwe kama nafuu, hata kama mgonjwa ametulia.

Idadi na uchambuzi
Hali: rasimu ya pili.

Kwa nguvu ya asilimia 80 na kiwango cha 0.05, idadi kwa kila kundi ni takriban 15.7 gawa kwa mraba wa tofauti inayotafutwa, tofauti ikipimwa kwa mikengeuko sanifu. Tofauti ya nusu mkengeuko inahitaji watu 63 kwa kundi. Tukiruhusu moja ya tano kutorudi, 79. Hesabu hiyo inahesabu watu. Kumekuwa na pendekezo la kuhesabu masikio ili idadi ipatikane haraka, nalo limekataliwa: masikio mawili ya mtu mmoja hayajitegemei, na bamba halina sikio hata moja. Vipimo vya kila sikio vitaingia kwenye modeli yenye mtu kama kundi. Sikio la pili halitumiki kama zima kwa kudhani tu, maana ugonjwa huu hushika pande zote mara nyingi.

Wanaosoma vHIT na mawimbi hawajui sikio lipi ni gonjwa.

Baada ya grometi au kiwambo kuzibwa, vipimo hurudiwa. Kundi la kulinganishia nalo hurudiwa kwa muda ule ule, kwa sababu kusimama kwenye sponji kunajifunzika, na watoto huimarika usawa kwa kukua tu. Mtoto aliyewekewa grometi akayumba kidogo zaidi baada ya miezi michache hajathibitisha chochote mpaka mwenzake asiye na majimaji apimwe tena.

Yanayofuata

Kukamilisha viwango vya kawaida vya VEMP ya mfupa kwa B81 kwa kila rika, kwa kuwa wimbi hupungua umri unavyokwenda na viwango vya kitetemeshi kingine haviazimwi. Kuamua sponji ya watoto. Kuandika upya maelekezo ya ukanda wa kitetemeshi, pamoja na picha ya mahali pa kuuweka. Kituo ambacho vikopo vyake vinasoma juu kirekebishiwe mwinuko kabla hakijaandikisha mshiriki wa kwanza.